Ngome Isiyokaa Juu ya Paleti

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maktaba. Wachungaji, wazazi na watoto:

Sisi wa Kikundi cha Historia cha mtaa wa Iroquois, hapa Louisville, pamoja na wenzetu waliosafiri kutoka Columbus na Buffalo, tunakukaribisha mbele ya mfano wa Ngome ya Agra tulioujenga kwa maboksi. Ulitutengea meza moja. Tumejaza ukumbi wa maktaba.

Historia

Mfalme Akbar wa Dola ya Mughal, huko India, alianza kuijenga upya ngome ya Agra mwaka 1565: matofali ndani, mawe mekundu nje. Umbo lake ni nusu duara, upande ulionyooka ukitazama mto Yamuna.

Yetu ilianza vibaya. Mwenyekiti wetu, Papa Bagula, hupanga mizigo ghalani Jeffersontown. Aliwapa Louisville kuta, Columbus malango, Buffalo majumba ya ndani, akaagiza kila kipande kijengwe kwa maboksi juu ya paleti, zile chaga za mbao za kubebea mizigo. Vipande vilipounganishwa, ngome ikatoka mraba.

Mama Mukabutera wa Buffalo aliizunguka akicheka. "Bon, Papa Bagula, hii ni ngome ao ni mzigo ya kutuma?"

"Mama, ukuta iko nguvu."

"Iko nguvu, ndiyo. Lakini kitu ya paleti inangojaka lori."

Tangu Papa Bagula afike Marekani alikuwa akipanga vitu vya kuondoka. Hiki ndicho cha kwanza alichotaka kibaki. Alishika kisu cha maboksi, akang'oa paleti zote, na ukuta tukaupanga upya.

Mafanikio

Ukuta sasa unapinda kama wa Agra, na umekaa sakafuni. Njia ya langoni inakata kona, ili tembo wa adui asipate nafasi ya kukimbia na kuvunja lango. Watoto wetu, ambao nyumbani hutujibu kwa Kiingereza, wameieleza kona hiyo kwa Kiswahili mbele ya umati. Mwalimu mmoja wa historia alikuja kutafuta kosa, akaondoka na picha.

Changamoto na ombi

Tumeambiwa tuiondoe Jumatatu. Mgeni rasmi, haipiti mlangoni. Ili itoke, lazima ikatwe. Hatuombi fedha wala mlinzi. Tunaomba ikae hapa ilipo.

Papa Bagula amebakiza tofali moja la boksi, la juu ya lango. Analikabidhi kwako. Ukiliweka mahali pake, tutakuwa tumepata jibu kabla hujafungua kinywa.

Mungu aibariki mikono yako, na kila nyumba unayoilinda.

Ni sisi, wajenzi wa Agra: Louisville, Columbus na Buffalo.