Mkono wa Odero na Chuma Kilichokuwa Kikiteleza

Mgeni rasmi, Bwana Meneja wa Malori, wazee, akina mama na wafanyakazi wenzetu,

KARIBU KAMBINI
Umeacha chai yako Milimani ukaja kuketi kwenye benchi letu lisilo na mgongo. Tumefurahi kweli, na tunakuomba usitazame sana bati lililotoboka la jikoni.

TULIKOANZIA
Kikundi hiki kilizaliwa mwaka jana, 1956. Asubuhi moja ya baridi kule Gilgil, dereva wetu Odero alikuwa akiwasha lori. Hendeli ya kuzungushia injini ikarudi kwa nguvu ikamvunja kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini vidole vikakataa kazi, naye akapewa kufagia yadi. Hakulalamika. Ila kila lori liliponguruma aligeuza uso, na sisi tulimwona. Iliuma.

Kosgei, fundi wa gereji, akamtengenezea chuma cha mazoezi cha kuinua akiwa nyumbani, vidole vipate nguvu: kipande cha bomba, na kila upande kopo lililojazwa saruji.

TULICHOFANIKIWA
Bomba liliteleza kama sabuni. Tulilifunga kitambaa, kikalowa jasho na kuzunguka. Tukafunga mpira wa baiskeli, ukawa mbaya zaidi: chuma kilimponyoka Odero kikabonyeza sufuria ya Akeyo, mkewe. Siku hiyo hatukupewa ugali.

Kosgei akakumbuka kwamba kwao fimbo huvalishwa ngozi mbichi, nayo ikikauka haibanduki. Tukaishona kwenye bomba, tukaianika nje. Tulisahau mbwa. Kulipokucha bomba lilikuwa uchi.

Ngozi ya pili tuliikaushia ndani, juu ya kitanda cha Odero na Akeyo. Akeyo akasema, "Nyinyi wanaume, hii kitu inanuka na mimi ndiyo nalala hapa!" Lakini hakuitoa. Ilipokauka tuliikwaruza kwa msasa. Odero akashika, akainua hadi kifuani, akashusha polepole mwenyewe. Akeyo alilia, na hakuna aliyemcheka.

Tangu hapo anainua kila jioni, na majirani wamejiunga. Ndiyo sisi hawa.

LINALOTUSUMBUA
Tumesikia unatafuta dereva mwingine wa lori lile. Odero amekuja mara nyingi hadi mlango wa ofisi yako, akarudi. Anaogopa kwamba ukishakataa, hatakuwa tena na la kungojea.

OMBI
Hatuombi ukumbi wala jezi. Tunaomba umjaribu. Lori liko pale uani, na Kosgei hajaligusa tangu jana, lipoe kabisa, usije ukasema tumemrahisishia.

Odero mwenyewe hakujua tungesoma haya. Odero, ndugu yetu, inuka hapo nyuma ulipojificha. Nenda kwenye hendeli.

Bwana Meneja, Mungu ailinde nyumba yako, akurudishe salama, na kabla hujaondoka akusikizishe injini ile ikiwaka.

Ni sisi,
Kikundi cha Mazoezi, Kambi ya Kiwanda cha Mbao, Nakuru.
Imesomwa na Wasike, katibu.