Picha ya Dhoruba ya Jua Kebirigo

Kahawa ilikuwa moto, lakini siku hiyo hapa kijiweni Kebirigo, kaunti ya Nyamira, hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Redio ilikuwa imetangaza kwamba dhoruba kutoka juani itafika duniani jioni. Ogari, fundi wa dishi za televisheni tunayemwita Dishi, alikaa kando yangu. Upande wa pili walikuwa Machogu, mzee wa kanisa, tunayemwita Elda, na binti yake Kwamboka, anayesomea fizikia chuo kikuu. Kwamboka alituonyesha kwa simu picha ya dhoruba kama hiyo, iliyopigwa na satelaiti.

— Hii pete nyekundu kuzunguka dunia ni nini? Elda aliuliza.

— Ni chembe zenye chaji ya umeme, baba. Sumaku ya dunia imezishika, inazizungusha. Moja ikikutana na atomu inainyang'anya elektroni, chaji inaisha. Hapo sumaku haiishiki tena, inachomoka moja kwa moja. Satelaiti inazidaka hizo, ndio tunapata picha.

— Picha bila mwanga? Elda aliuliza.

— Bila mwanga.

— Basi zikichomoka zinakuja huku, Dishi alisema. Dishi zote za Nyamira zitaungua.

— Wewe unalilia dishi? Damu iko na chuma. Sumaku ikilegea, damu itarudi nyuma mwilini, Elda alisema.

— Na majani chai yatakauka mpaka Nyansiongo, Dishi aliongeza.

— Hapana, nyote wawili. Hiyo haiko, Kwamboka alisema.

Hapo Ratemo akafika akihema. Anaishi nyuma ya soko na mama yake, ambaye mapafu yake yanategemea mashine ya oksijeni inayotumia stima. Mtungi wake wa akiba wa oksijeni ulikuwa karibu kuisha.

— Kwamboka, nasikia dhoruba hii inaweza kuzima umeme. Leo stima itapotea?

Dishi aliweka kikombe chake chini.

— Hii picha ni ya dhoruba ya zamani, Kwamboka alisema. Sisi tuko karibu na ikweta, hatari ni ndogo. Lakini siwezi kukuapia.

Ratemo alitutazama mmoja mmoja.

Dishi aliinuka, akaenda kuwasha pikapu yake. Tulifika kwa Ratemo, tukamlaza mama yake kwenye godoro nyuma ya pikapu, Kwamboka akishikilia mtungi, Elda akiomba kwa sauti ya chini, tukampeleka mpaka hospitali iliyo na jenereta.

Stima haikupotea usiku huo. Asubuhi mama aliuliza kwa nini tulimhangaisha.

— Hakuna aliyejua kama stima ingebaki, mama, Ratemo alimjibu.