Mtakapokuwa Juu Yangu, Semeni

Ndugu waombolezaji, mliotoka mtaa wa pili na mliosafiri usiku kucha kuja kutushika mkono, familia inaomba mkae vizuri, tuwasomee safari ya baba yetu, babu yetu na jirani yenu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Nyambizi, na tukimaliza kusoma tutawaomba jambo moja, ambalo si letu bali ni la marehemu mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa kuchomelea vyuma na mama mshona nguo, katika mji ulio mbali na bahari kiasi kwamba samaki walifika wakiwa wakavu, na chumvi ndiyo iliyokuwa habari pekee ya bahari ndani ya nyumba yao.

Alianza shule ya msingi mwaka 1949, akaishia darasa la nne baba yake alipougua, na mwalimu wake alimuaga kwa kusema kwamba mtoto huyu ana macho mazuri na masikio mabovu, maana kila alichoonyeshwa alikikamata na kila alichoambiwa kilipita upande wa pili, maneno ambayo marehemu aliyarudia maisha yake yote kana kwamba ni cheti.

Mwezi Juni 1957 aliajiriwa katika ukumbi wa sinema uliokuwa nyuma ya stesheni, kwanza kwa kufagia na kubandika picha ukutani, baadaye kama msaidizi wa mwendesha mashine, mzee mmoja mkali aliyemfundisha kupitisha mkanda kwenye meno ya mashine, kukata kwa wembe sehemu iliyochanika na kuunga kwa gundi, na kubadilisha mkanda bila mtazamaji kujua, na mzee huyo alipostaafu mwaka 1962 marehemu akabaki peke yake katika kile chumba cha juu, chenye joto kama tanuri na kidirisha kimoja cha kutolea mwanga.

Filamu zilizopita mikononi mwake zilikuwa za kila aina, za mapenzi, za vichekesho, za farasi na bastola, lakini moyo wake uliangukia zile za vita vya baharini, za rangi nyeusi na nyeupe, na alipoulizwa mtu wa nchi kavu anatafuta nini huko, alijibu kwamba kwenye rangi damu ni nyekundu na mtu hugeuza uso, ila kwenye nyeusi na nyeupe damu, chai na maji ya bahari ni kitu kimoja, kwa hiyo unaendelea kutazama, na ukiendelea kutazama mwisho unakuwa umo ndani. Mwaka 1988 binti yake alimpeleka kuiona bahari yenyewe, akasimama ufukweni na viatu mkononi, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Siyo hii, mwanangu, hii ina rangi," akataka kurudi nyumbani.

Filamu iliyompa jina la Nyambizi ilifika mwaka 1963, ikieleza habari za chombo kimoja kinachojificha chini ya maji huku manowari ya adui ikipita juu yake, na mabaharia, ambao watazamaji wetu waliwapa majina yao wenyewe, Mpishi, Kijana wa Barua, Mwenye Mafua, wamesimama bila kusogea, jasho likiwatiririka, macho yao yakifuata darini kishindo cha adui kutoka upande mmoja hadi mwingine. Siku ya kwanza fundi mmoja wa reli, mwili kama pipa, alinong'ona kutoka benchi la nyuma, "Jamani, kimya, watatusikia," na watu badala ya kucheka wakabana pumzi, ukumbi mzima, na marehemu kule juu akapitisha kidole chake kwenye kidirisha, kivuli chake kikatokea pembeni mwa kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, kikiwaambia bado, bado, na adui alipopita akakishusha, watu wakapumua kwa pamoja, wakakohoa, wakapigana mabega.

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya ukumbi ule, kila Jumamosi alasiri, kidole kikipanda hakuna anayepumua, muuza karanga anasimama na mguu mmoja hewani, mtoto mwenye kulia anatolewa nje na mama yake mzazi, na Mwenye Mafua akibana pua ili asipige chafya utasikia mtu akimwomba kwa sauti ya ndani kabisa, "Jikaze, ndugu yangu, jikaze." Wengi wenu hapa mlikulia kwenye mabenchi yale na mnajua kwamba hatutii chumvi.

Filamu hiyo ilikuwa na kasoro moja, kwamba adui aligeuka na kurudi, kidole kikapanda mara ya pili, taa za chombo zikafifia, mabaharia wakatazama juu, na mkanda ukaishia hapo, kwa kuwa kopo la mwisho lilikuwa limejazwa mkanda wa filamu nyingine, na siku ile ya kwanza baada ya nyuso zile alitokea bwana mnene akicheza dansi hotelini. Watu walipiga kelele hadi mabati yakatetemeka, marehemu akazima mashine, akashuka ngazi akiwa bado ameinua kidole, akasimama mbele ya kitambaa cheupe, akasema, "Walitoka. Wote. Mpishi alitangulia, Mwenye Mafua akafuata, na alipofika nje akapiga chafya kubwa kuliko mzinga," kisha akashusha mkono, watu wakapumua wakaenda nyumbani. Kopo sahihi liliagizwa mara nyingi na halikuja, na kwa miaka yote iliyofuata marehemu aliimalizia filamu ile hivyohivyo, kwa mdomo wake.

Mwaka 1965, katikati ya kimya kile, msichana mmoja mkata tiketi aliyeingia kutazama bure alipiga chafya, ukumbi mzima ukageuka, fundi wa reli akasema, "Dada, umetuzamisha," na marehemu akashuka kumtazama aliyewazamisha, wakafunga ndoa tarehe 20 Agosti 1966, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mkunga na mwana ambaye ni fundi cherehani, na wajukuu wanne. Bibi yetu alitangulia mwaka 2003, na hadi siku zake za mwisho alimtania mumewe kwamba hakuolewa kwa uzuri wake bali alikamatwa kama jasusi.

Ukumbi ulifungwa mwaka 1994, mashine ikauzwa kama chuma, mabenchi yakagawanywa, na marehemu akarudi nyumbani na makopo ya filamu ile, akayaweka chini ya kitanda, ingawa hapakuwa na kitu cha kuyaonyeshea. Ni kuanzia hapo alipoanza kuwa na mashaka ambayo hakuwaambia watu wazima. Mjukuu wake wa kike, ambaye masomo yake yalikatika akabaki nyumbani kumhudumia, ndiye aliyeambiwa, alasiri moja akimkata kucha, kwamba yeye babu hakuwahi kuujua mwisho, kwamba kila aliposema walitoka aliwaona bado wako kule chini, macho juu, wamebana pumzi, wanamsubiri ashushe kidole. "Mimi niliwaruhusu watu wa ukumbini wapumue," alisema, "wale wa ndani hakuna aliyewaruhusu."

Mwezi Novemba mwaka jana marehemu alianza kubanwa na kifua, na katika hospitali ya wilaya ikaonekana kwamba amejaa maji kwenye mapafu, daktari akayatoa kwa sindano, na marehemu akaomba kuonyeshwa chupa, akauliza kama maji yale ni ya kijivu, akaambiwa ni ya manjano, akageuza uso kama mtu aliyedanganywa. Daktari alimwagiza akohoe kwa nguvu ili kifua kisafike, lakini aliporudishwa nyumbani hakukohoa, alilala chali akitazama dari, na mara kwa mara macho yake yalitembea, polepole, kutoka upande wa mlango kwenda upande wa dirisha, na yakifika dirishani ndipo alipojiruhusu kukohoa kidogo, kwenye shuka, mdomo umefunikwa. Mjukuu wake alimwambia, "Babu, kohoa tu, hapa ni nyumbani," naye akamjibu, "Najua ni nyumbani, mama, ndiyo maana sitaki wapajue."

Katika wiki zile alimpa mjukuu huyo ujumbe, akamtaka aurudie ili asiukosee, nao ndio ombi tulilolitaja mwanzoni.

Tarehe 9 mwezi huu, baada ya chakula cha mchana, walikuwa chumbani binti yake, mwanawe, mjukuu wake na muuguzi jirani, ambaye naye alikulia kwenye mabenchi ya ukumbi ule, na binti yake alikuwa akisimulia habari za sokoni, watu wanacheka, marehemu alipoinua kidole. Wote wakanyamaza, si kwa kuogopa, bali kwa mazoea, kama walivyofundishwa wakiwa wadogo, wakabana pumzi, na ndipo waliposikia juu ya mabati kitu kizito kikipita polepole, kwa mdundo wa mashine, kutoka upande wa mlango kwenda upande wa dirisha, maji yaliyokuwa kwenye glasi yakichora duara ndani ya duara. Barabarani hapakuwa na lori, majirani waliokuwa uani wamethibitisha, na mbingu ilikuwa wazi. Mdundo ulifika dirishani, ukasimama, ukageuka, ukarudi, na wote wanne waliufuata kwa macho, muuguzi akiwa ameshika kifundo cha mkono wa mgonjwa na yeye hapumui, kila mmoja akisubiri kidole kishuke ndipo avute hewa.

Kidole hakikushuka. Ni binti yake aliyekishika mwishowe, akakishusha taratibu na kukilaza juu ya shuka, na hapo wote wakapumua kwa pamoja, wakakohoa, kama zamani, isipokuwa yeye. Tangu saa ile kitu kile hakijapita tena juu ya nyumba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, muuguzi jirani yetu ambaye tunamwambia tena hapa mbele za watu kwamba hana lawama, maana hata sisi tulibana pumzi, inawashukuru wafanyakazi wa zamani wa ukumbi wa sinema na wa reli waliokesha nasi, majirani waliopika na kubeba viti, na wote ambao hatuwezi kuwataja.

Sasa ombi lake. Tumezoea kukaa kimya makaburini, kwa heshima, na tunajua mngependa kumpa mzee wetu heshima hiyo, lakini marehemu alisema kwamba yeye atakuwa chini, macho juu, na akisikia nyayo zinapita na hakuna sauti hatajua ni za nani, atabana pumzi, na atabana siku zote. "Mtakapokuwa juu yangu, semeni," alimwambia mjukuu wake, "nijue ni nyie." Kwa hiyo udongo utakapoanza kuanguka msinyamaze, mwenye kulia alie, mwenye kifua akohoe, mwenye utani naye amtanie, mtajane kwa majina, na wale wa mabenchi ya nyuma pazeni sauti zaidi, kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri.

Babu, ni sisi. Imeshapita. Vuta hewa, waambie na wale wengine wavute, Mpishi atangulie, Mwenye Mafua apige chafya yake, nawe shusha mkono, pumzika kwa amani.