Dirisha la Mama Griffin

Wapendwa mliofika kutufuta machozi, Bwana apewe sifa hata leo. Marehemu Nyachuol Jael, tuliyemzoea kama Mama Griffin, alizaliwa Nasir tarehe 14 Machi 1988, akabebwa mgongoni hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1993, akasoma huko mpaka darasa la nane, kisha kidato cha kwanza na cha pili Kitale, karo ikakatika. Hapohapo Kitale, mwaka 2008, Mkenya mmoja mwema, Mama Valary, alimfundisha kuchora maua na majina juu ya glasi kwa kimashine kinachoshikwa kama kalamu, na mkono wake ukakubali.

Alirudi kwao mwaka 2011, akakaa Juba, akafunga ndoa kanisani tarehe 2 Juni 2012 na Yien, huyu anayewasomea, wakabarikiwa Griffin na Nyakong.

Kazi aliifanyia chumbani, mtaani Hai Malakal, hoteli za mtaa wa Amarat zikizigombania glasi zake, lakini Desemba 2013, risasi zilipolia, Yien alipigilia dirisha misumari sita, na hapo hakukosea, kosa lake ni kwamba kulipotulia misumari ilibaki, maana woga ulipoondoka wivu ulishika zamu, akawa anapeleka glasi mwenyewe ili wateja wasimwone mkewe. Vumbi la kioo likabaki ndani naye. Aliomba ajengewe rakuba uani, achorie kivulini penye upepo, akasema, Baba Griffin, hata mfungwa hutolewa akaota jua, Yien akacheka, akamjibu kesho, kesho, mpaka miaka ikaisha.

Mwaka 2019 alimchorea mumewe glasi yenye mraba na nukta sita, naye akawaringia wageni kwamba amechorewa nyota.

Kikohozi kilianza 2022. Agosti 2024 daktari alituonyesha vumbi mapafuni, Yien akang'oa misumari siku hiyohiyo, na Nyakong, alipoyaona yale matundu sita, akaenda kuileta ile glasi, akasema, baba, si ni dirisha hili?

Tangu hapo marehemu alilala akitazama barabara, akisalimia hata waendesha boda asiowajua, hadi Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, alfajiri, Mungu alipomchukua.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuletea maji na kuni, na Mama Valary aliyesafiri kutoka Kitale. Yien ameungama kanisani, anaungama na hapa, na glasi ile ataendelea kuinywea, asije akasema tena ni nyota.

Pumzika kwa amani, Mama Griffin, dirisha liko wazi.