Doa la Veikko

Kila Jumamosi alasiri benchi la nje ya sauna ya mtaa, bafu la mvuke pale mjini Tampere, hujaa wazee waliojifunga mataulo, wanafuka mvuke kama viazi vilivyoepuliwa sasa hivi, birika la kahawa katikati. Leo gumzo ni Veikko. Daktari kamwambia kwamba doa lake la kahawia begani, lile lenye manyoya, na mgongo wake uliopinda, na kifua kilichobonyea upande huohuo, vyote ni jambo moja lililoanzia tumboni mwa mama. Basi kila mtu anataka kuliona. Kaka yake Reino kajibanza pembeni, wivu unamtafuna. Ana mgongo ulionyooka miaka sabini sasa, na hakuna aliyewahi kumwambia ageuke.

— Geuka tena, Veikko! — akasema Kalervo, anayeitwa Mvuke. — Hiyo si ramani ya Lapland, kule kaskazini?

— Ramani wapi! — akadakia Ahti, Profesa wa kujipachika. — Ukoo huo! Babu yenu mmoja alioa dubu.

— Dubu?

— Manyoya huyaoni?

— Acheni hizo, — akasema Veikko. — Mama aliona ghala likiungua akiwa na mimba yangu, akajishika bega, na alama ikanitokea hapohapo. Alikufa akiamini kosa ni lake.

— Ndiyo maana akakudekeza! — Reino akalipuka. — Kuni nani alipasua? Mimi! Maji ya sauna nani aliteka? Mimi! Wewe umekaa benchi la juu, mama anakusugua mgongo kila Jumamosi mpaka unaota ndevu!

— Alitaka kulitoa doa, kaka. Iliniuma.

— Bora ingeniuma mimi!

Benchi zima likacheka.

— Jamani, mtu analilia doa! — akasema Profesa. — Mmwagieni kahawa begani, apate lake.

Mwisho wa benchi alikaa Sulo, aliyehamia mtaani wiki hii.

— Samahani, mzee Reino. Mgongo wako wewe alikuwa anausugua nani?

Mvuke akatazama kikombe chake. Veikko akainua birika amwongeze kaka yake kahawa. Halikutoa hata tone.

— Nilijisugua mwenyewe, — akasema Reino kwa sauti ndogo. — Isipokuwa pale katikati. Mkono haufiki.