Aliyegonga Trei

Ngwaa. Mlio mmoja wa bati juu ya chuma, usiku, kutoka tanuri la mikate, halafu kimya. Mtaa mzima uliusikia, na kesho yake alasiri kila mtu akaja kijiweni na maelezo yake. Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, mguu mmoja umekatika na mahali pake pamewekwa tofali. Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa, ndipo ulipo mlango wa tanuri. Benchi hilo lina wenyewe. Kuna Kinyozi, ambaye hunyoa akipata nafasi, na maongezi hayampi nafasi. Kuna Dokta, ambaye hakusomea udaktari ila aliwahi kuuza dawa ya mende, jina likamng'ang'ania. Kuna Jaji, karani wa mahakama aliyestaafu, akarudi nyumbani na tabia ya kukata kesi. Na kuna Dada Birika anayetuuzia kahawa, mtoto wa marehemu kaka yake Jaji. Aliyekuwa akizungumzwa hakuwepo. Ni mdogo wake Dada Birika, na mtaani tunamwita Redio, kwa sababu zamani, kabla hajapata matibabu, alikuwa akizungumza peke yake kutwa kucha na hakuna aliyejua pa kumzimia. Siku hizi ana dawa, ana kliniki, na tangu mvua zilizopita ana kazi: zamu ya alasiri hadi usiku, pale tanurini.

Kinyozi: Trei imeanguka. Mambo ya kawaida.

Dokta: Trei ikianguka inalia, inazunguka, inalia tena, inalalamika mpaka mtu aikanyage. Ile imelia mara moja. Ile imepigwa.

Kinyozi: Na nani?

Dokta: Zamu ya usiku wapo wawili. Mmoja ana akili zake.

Dada Birika: Na mwingine ana zake vilevile. Kunywa, inapoa.

Dokta akanywa. Dokta akipoza koo, tujiandae.

Dokta: Mimi mishipa naijua. Joto likipanda, damu inapanda. Damu ikipanda, zile sauti zake zinaamka. Jana zimeamka, zikajipanga pale mlangoni, naye akazitandika trei.

Kinyozi: Zikafa?

Dokta: Sauti haifi, inahama. Ndio maana wahenga wakasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kinyozi: Sasa ufa hapo uko wapi?

Dokta: Kwenye kichwa, ndugu yangu. Wewe unanyoa vichwa kila siku, huoni?

Kinyozi: Naona mba. Ila ngoja na mimi niseme langu. Mnamkumbuka yule dada wa kliniki aliyekuwa anakuja naye mwanzoni? Amevaa aproni kama yeye, amesimama ubavuni mwake, anamwonyesha kupanga maandazi, kupima unga, kuomba ruhusa. Kazi yake ndiyo hiyo. Anawatafutia wagonjwa wake kazi, tena kazi kweli, ya mshahara, halafu haachani nao. Mpaka leo anapita kuchungulia kama mambo yanakwenda. Sasa jiulizeni, huyo dada ana wangapi? Leo tanuri. Kesho gereji. Keshokutwa vinyozi. Umekaa kwenye kiti, umefungwa shuka shingoni, na mwenye wembe anacheka peke yake.

Dada Birika: Wewe unacheka peke yako na wembe mkononi, na bado tunakuletea watoto.

Kinyozi: Mimi nacheka na simu.

Dada Birika: Na shingo ya mtu itajuaje?

Benchi likacheka, tofali likatikisika. Kinyozi akashika kikombe chake kisimwagike, akatafuta heshima yake kwenye methali.

Kinyozi: Cheka tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dokta: Nguo imeingiaje?

Kinyozi: Aproni ni nguo.

Dokta: Hapo umesema. Na mkate je? Mtu anakanda unga, anatoka jasho. Dawa imo kwenye damu, damu imo kwenye jasho, jasho limo kwenye unga. Juzi nimekula mkate wa pale, nikalala mchana kutwa. Mtaa wote unatibiwa na haujaandikiwa.

Dada Birika: Ulilala mchana kutwa hata wiki ile uliyofunga kula mikate.

Hapo Jaji akakohoa. Jaji akikohoa, kahawa yenyewe husimama kwenye mdomo wa birika.

Jaji: Mahakama imesikia. Sasa hivi, kabla zamu haijaanza, tunavuka barabara watu watatu, tunamwona mwenye tanuri. Tunamwambia kwa adabu: kijana hatuna ubaya naye. Akae nyumbani, ale, alale, tutamtunza. Lakini moto na visu, hapana. Amwachishe kazi leo leo. Chanda chema huvikwa pete.

Kinyozi: Pete ya nani tena, mzee?

Jaji: Maana yake ni kwamba asiyefaa havikwi.

Dada Birika akaliweka birika chini. Hakulitupa, alilitua taratibu, lakini sote tulisikia lilipogusa sakafu.

Dada Birika: Mtamtunza nani, Baba Mdogo?

Jaji: Sisi. Ukoo.

Dada Birika: Alipokuwa kwenye kile chumba cha nyuma, dirisha limepigiliwa mbao kwa amri yako, ukoo ulikuwa wapi? Maji alikuwa akipelekewa na nani?

Jaji: Nilikuwa namsitiri.

Dada Birika: Ulikuwa unajisitiri. Sitara gani hiyo ya kumnyima mtu hata jua? Sasa nisikilizeni, na mkitaka kahawa msikilize mkiwa mmekaa. Asubuhi dawa inamlemea, kichwa kinakuwa gunia lililolowa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mwenye tanuri, yule dada amekaa pembeni: nipe alasiri, nitakupa kazi. Akapewa alasiri, akatoa kazi. Sauti hazijahama zote, hilo halifichi. Zinakuja, zinamtukana, naye anakanda. Zinatukana, anakanda. Na unga unaumuka. Kuna aliyewahi kuuma mkate wake akakuta mbichi?

Kinyozi akatazama viatu vyake.

Kinyozi: Mkate ni mzuri. Hilo silipingi.

Jaji: Hatujadili mkate. Tunajadili usalama. Simameni twende.

Dokta akasimama. Kinyozi akasimama nusu, kama mtu anayesubiri kuona wengine watafika wapi. Mlango wa tanuri ukafunguliwa, akatoka Fundi Mikate, mwokaji mkuu, mtu mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, akavuka barabara kufuata kahawa.

Fundi Mikate: Mbona mmesimama? Kuna msiba?

Jaji: Tulikuwa tunakuja kwenu. Kuhusu lile pigo la jana. Mtaa una hofu.

Fundi Mikate: Pigo lipi? Ah, trei. Dada, nitilie, chungu, nzito. Trei ni mapatano yetu, mzee. Tulipokaa na yule dada wa kliniki, tukamuuliza kijana: siku zikikuzidi, utatuambiaje? Akasema, zikinizidi maneno ndiyo yanayonikimbia kwanza. Basi tukakubaliana, atagonga trei kwenye mlango wa tanuri, mara moja. Maana yake, shikeni kazi, natoka. Anakaa kizingitini, anapumua. Hafuatwi, haulizwi. Akirudi, anakuta kazi yake, hakuti maswali.

Dokta akakaa chini kwa ushindi.

Dokta: Kwa hiyo jana zilimzidi. Nilisema mimi.

Fundi Mikate akapuliza kahawa, akanywa kidogo, akapuliza tena.

Fundi Mikate: Jana aliyegonga ni mimi.

Kinyozi akamgeukia Dokta.

Fundi Mikate: Binti yangu amelazwa. Nilitia chumvi kwenye unga, nikasahau, nikatia tena. Nikamwaga, nikaanza upya, nikatia tena mara mbili. Nikaona hapa nitalia mbele ya mtu, au nitamtukana asiye na kosa. Nikachukua trei, nikagonga. Nikatoka, nikakaa kizingitini kama anavyokaa yeye. Ndani moto umewaka, mikate imo. Mkate mliokula asubuhi? Ni wa mkono wake. Aliutoa mkate wote peke yake, hakuunguza hata mmoja, na niliporudi hakuniuliza. Alinisogezea kibao cha kukandia, basi.

Kinyozi akakaa. Sasa aliyesimama alibaki Jaji peke yake, na kusimama peke yako mbele ya benchi lililojaa ni kazi ngumu.

Jaji: Hata hivyo.

Akainyoosha kofia yake.

Jaji: Hata hivyo, kesi haijafungwa. Nitilie kahawa.

Dada Birika: Imekwisha.

Mvuke ulikuwa bado ukitoka kwenye mdomo wa birika, sote tuliuona, na hakuna aliyeutaja.

Wakati huohuo akafika mwanamke ambaye hatujawahi kumwona, futi ya kupimia shingoni, fungu la aproni nyeupe begani. Akasalimia, akaitikiwa.

Mshonaji: Samahanini. Nimepewa kazi ya kutarizi majina kwenye aproni za tanuri. Zote nimemaliza, imebaki hii moja. Mwenye tanuri anasema kijana wa zamu ya alasiri wamezoea kumwita jina la mtaani, naye hataki nilishone hilo. Kaniambia, vuka pale, majirani zake watakuwa wanalijua. Anaitwa nani?

Ilikuwa aproni tu, pamba nyeupe, mfuko mmoja mbele. Juu ya mfuko hapakuwa na kitu.

Kinyozi: Redio.

Mshonaji: Hilo ndilo nimekatazwa. Jina lake.

Kinyozi: Mimi ndiye ninayemnyoa.

Mshonaji: Vizuri. Anaitwa nani?

Kinyozi akamtazama Dokta. Dokta, mwenye jibu la mishipa na jasho na damu, akachungulia ndani ya kikombe. Fundi Mikate akajikuna unga kwenye nyusi, akasema kwa aibu kwamba yeye humwita "mwanangu", siku zote "mwanangu", na hakuwahi kufika mbali zaidi ya hapo. Macho yote yakaenda kwa Jaji.

Jaji: Shona chochote. Shona "Tanuri".

Mshonaji: Mzee, mtu hashonewi chochote.

Dada Birika: Baba Mdogo analijua. Alimpa yeye mwenyewe, akiwa amempakata, jina la babu yetu. Halafu mtoto alipougua akaita kikao, akasema jina la baba yake halitaitwa barabarani nyuma ya mtu anayesema na kuta. Likazuiwa. Nyumbani akawa "yule". Huku nje akawa Redio. Na mimi nikatii, kwa sababu mama alikuwa anaishi chini ya paa la Baba Mdogo.

Jaji: Na jina lile bado ni la baba yangu.

Dada Birika: Mama ameshazikwa. Paa ni lako, kaa nalo.

Kijana akatokea kona ya barabara. Alikuwa akija kazini kama anavyokuja kila siku, upande wa pili, ameshika ukuta, kichwa chini, mfuko kwapani, asionane na benchi. Bado hatua chache aufikie mlango. Dada Birika akamnyang'anya mshonaji aproni, akashuka hadi ukingoni mwa barabara, akaipandisha juu kwa mikono miwili kama mtu anayeanika nguo.

Jaji: Usithubutu.

Hakugeuka. Akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo, ikapita juu ya pikipiki na vumbi, ikagonga ukuta wa tanuri, naye kule akasimama, akainua kichwa:

— Idrisa.