Gari la Haneti Lililoogopa Wagonjwa: Tunamuaga Dorkasi Chidawali

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Fundi Mkuu Dorkasi Chidawali atavua ovaroli yake ya bluu kwa mara ya mwisho, baada ya kulitumikia Shirika la Afya Nyanda za Kati kwa miaka thelathini na moja. Wapo watakaouliza ni nani huyo. Hao ama ni wageni Dodoma, ama hawajawahi kuharibikiwa na gari.

Alizaliwa Haneti, akakulia Kikuyu, hapa mjini Dodoma, kwa shangazi yake, akasomea ufundi wa magari akiwa msichana pekee darasani. Alipoajiriwa kwenye karakana yetu ya Area D alipangiwa kufagia na kupika chai. Chai hiyo aliipika vibaya kwa makusudi, na mpaka leo anajisifia, hadi wakubwa wakaona heri wampe spana. Tangu hapo hajashusha sauti. Si mtu mnyenyekevu, na hatutamsingizia unyenyekevu kwa kuwa tu anaondoka. Akimaliza kazi ngumu, hata mama lishe wa ng'ambo ya barabara hupata habari.

Lakini ana haki ya kujisifu. Magari mengi ya zahanati zetu ni ya zamani. Yana kompyuta ya injini, ila ni kompyuta ya enzi zile, isiyoelewana na mashine za kupimia za siku hizi. Lugha yake ni taa. Dorkasi hufungua boneti, huunganisha matundu mawili ya kiboksi cha kupimia kwa kipande cha waya, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha hukaa kwenye usukani akiitazama taa ya injini pale kwenye dashibodi. Taa hukonyeza mara mbili, hupumzika, hukonyeza tena mara mbili. Hiyo ni ishirini na mbili, na kwa gari la aina ile maana yake ni hitilafu upande wa sensa, yaani kifaa kinachopima joto la maji ya injini. Sisi wengine hukimbilia kitabu. Yeye huwa ameshaanza kufungua nati. Nimetunza stoo ya vipuri kwa miaka mingi, nimeliona jambo hilo mara zisizohesabika, na bado huacha kazi yangu nikaenda kutazama.

Wanafunzi wake wote wamekaririshwa kwamba namba huonyesha panapouma tu; kilichosababisha lazima mtu akitafute mwenyewe. Na ole wake dereva anayechomoa betri ili taa izime kabla hajafika karakana! Kompyuta ya namna hiyo ikikosa umeme husahau yote, na fundi hubaki kama daktari aliyeletewa mgonjwa asiyejitambua. Dereva mmoja, Batholomeo, aliwahi kuiziba taa kwa plasta nyeusi. Dorkasi aliibandua, akambandika nayo kwenye paji la uso, akamrudisha nayo Mpwapwa. Batholomeo husimulia kisa hicho kana kwamba alipewa nishani.

Hayo ni ya kuchekesha. La Haneti halikuwa la kuchekesha.

Mwaka juzi, gari la wagonjwa la zahanati ya Haneti lilianza kukohoa na kukosa nguvu njiani. Taa ilisema ishirini na mbili. Tulibadilisha sensa, likaondoka likiwa zima, likarudi na ishirini na mbili ileile. Tukabadilisha tena. Stoo yangu ilikaribia kuishiwa. Ajabu ni kwamba hapa karakana halikuwahi kukohoa hata mara moja. Tulilijaribu mpaka Chamwino na kurudi, likakimbia vizuri tu. Kisha likazimika porini likiwa na mama mwenye uchungu wa kujifungua, akahamishiwa kwenye lori la alizeti, akajifungulia juu ya magunia. Mama na mtoto walipona. Mkunga wa zahanati, Sista Restuta, alituambia wazi kwamba bahati ya namna ile haiji mara mbili.

Afisa Usafiri wetu, Bwana Charles, hakuwa na namna. Gari lisiloaminika haliwezi kubeba wagonjwa, kwa hiyo aliliingiza kwenye mnada. Lingine la kuwapa Haneti halikuwepo. Gari hilo likiuzwa, kina mama wa kule wangebaki na pikipiki, au na miguu yao.

Siku lilipoletwa kukabidhiwa, Sista Restuta alikuja nalo, nadhani kulisindikiza. Dereva wake, Yotham, alimwamkia Dorkasi, akakabidhi funguo, akasema jambo ambalo madereva wenzake walikuwa wakimcheka nalo kila siku:

“Mama, gari hili linaogopa wagonjwa. Likirudi tupu, linakwenda kama jipya.”

Karakana nzima iliangua kicheko. Dorkasi hakucheka. Alimrudishia Yotham funguo, akamwagiza akae kwenye usukani na kumweleza safari ya mgonjwa tangu mlangoni pa zahanati, kila anachokigusa kwa mkono wake. Yotham akaeleza: nafunga mlango wa nyuma, nawasha injini, naweka gia, nawasha king'ora.

“Hebu kiwashe,” Dorkasi akasema.

Hapo kicheko kiliisha. Wasomaji wa nje waelewe kwamba kwetu king'ora hakilizwi bila mgonjwa. Hakuna tangazo ukutani, ni mwiko tu wa madereva na mafundi: ukikiliza bure, umemwita mgonjwa. Ndiyo maana katika majaribio yetu yote hakuna aliyekigusa. Yotham aliirudisha mikono mapajani, akamwangalia Sista. Sista Restuta, ambaye mgonjwa akiitwa angeishia mikononi mwake, alipanda upande wa pili, akanyoosha mkono, akabonyeza.

King'ora kikalia. Injini ikakohoa palepale, taa ikawaka. Barabarani bajaji zilijisogeza pembeni kulipisha gari ambalo lilikuwa limeegeshwa. Dorkasi akaonyesha ishara, king'ora kikazimwa, injini ikatulia. Kikawashwa tena, ikakohoa tena. Yotham alisema kweli muda wote, na kati yetu ni mtu mmoja tu aliyeona anastahili kusikilizwa.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono. Fundi fulani aliyefunga king'ora kipya alikuwa ameukaza waya wake wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, kwenye bolti moja na ethi ya kompyuta ya injini, juu ya rangi na vumbi. King'ora kilipovuta umeme, kompyuta ilichanganyikiwa, ikaona maji ya moto kama baridi, ikaimwagia injini petroli mpaka ikapaliwa. Dorkasi alipiga msasa bolti ile, akakipa king'ora waya wake chenyewe. Hakuna kipuri kilichotoka stoo. Bwana Charles aliliondoa gari kwenye mnada jioni ileile.

Wiki iliyofuata tulisikia king'ora kikija kutoka upande wa Haneti. Kwa kawaida hakuna anayeinua kichwa. Siku hiyo spana zote zilinyamaza. Dorkasi alikwenda getini, gari likapita kwa kasi bila kukohoa, likapotelea mjini. Baadaye Sista Restuta akapiga simu: mama amefanyiwa upasuaji kwa wakati, amezaa mapacha, wote wazima. Tukamgeukia Dorkasi tukingoja majigambo. Alikuwa amekaa juu ya tairi, analia, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Sasa anarudi kuishi Haneti, kwenye nyumba aliyoijenga kando ya barabara. Mama Chidawali, tunakushukuru kwa macho yako, kwa masikio yako, hata kwa makelele yako. Tunakutakia mvua za kutosha, shamba lenye mazao, na usingizi mzito. Usiku king'ora kikipita mbele ya nyumba yako, usiamke kusikiliza injini. Geukia upande wa pili ulale. Gari litafika.

Wambura, Stoo ya Vipuri